Kumlipa mkaguzi wa unyevu kabla ya kununua nyumba Leicester: uzoefu wangu

Nyumba tuliyoitaka ni ya tofali, imeshikana na za majirani kulia na kushoto, ya enzi za Malkia Victoria. Kuta zake ni nzima, hazina uwazi katikati kama za siku hizi. Ripoti ya kawaida ya mnunuzi, ile ya Level 2 ya RICS, chama cha wakaguzi wa majengo Uingereza, ilikuwa nzuri hadi tulipofika kwenye ukuta wa sebule: kipimo kimeonyesha unyevu mwingi, mtafute mtaalamu kabla ya kusaini.

Dalali hakukawia. Akatuambia ipo kampuni inayokuja kupima bure. Wakaja kweli, wakachomeka pini mbili za kipimo ukutani, mashine ikalia, na kesho yake tukaletewa bei: kutoboa ukuta chini, kusukuma dawa ya kuzuia unyevu ndani, kubandua plasta hadi kimo cha mita moja na kupiga mpya. Pauni 3,800. Mume wangu akasema basi, tukate hizo kwenye bei tuendelee. Mimi sikuridhika. Anayeuza dawa akija kupima, atakuambia unaumwa nini?

Tukamtafuta mkaguzi wa kujitegemea, asiyeuza dawa wala plasta. Alitutoza pauni 360.

Huyu alianzia nje. Akainama na futi yake pembeni ya ukuta na kutuonyesha kwamba zege la njia ya upenuni limemwagwa hadi kupita kimo cha tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi wanaliita DPC. Ardhi inatakiwa iwe chini yake kwa milimita 150 hivi. Matundu ya kupitisha hewa chini ya sakafu ya mbao nayo yalikuwa yamezibwa. Juu, kiungo cha gata kilikuwa kimeachia, na ukuta chini yake umeota kijani.

Ndani alitueleza kwamba zile pini zinapima jinsi umeme unavyopita, na zimetengenezewa mbao. Chumvi iliyomo kwenye plasta ya zamani inaweza kuzidanganya. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba alitoboa tundu dogo kwenye ukuta huohuo, ndani ya kabati la chini ya ngazi, akakusanya vumbi la tofali, akalitia kwenye chupa ya chuma pamoja na unga wa kabaidi na kuitikisa. Maji yakikutana na kabaidi hutoa gesi, na mshale wa chupa unasoma nguvu ya ile gesi. Pale ukuta ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa pembeni tu, chini ya gata. Ukungu wa jikoni akasema ni mvuke: nguo zinaanikwa ndani na dirisha halifunguliwi.

Alikosoa pia saruji iliyojazwa kati ya tofali badala ya chokaa, kwani inafungia maji ndani. Hapo nilicheka. Mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwetu kila mtu anajua nyumba ya mawe na chokaa ukiipiga plasta ya saruji inavyojimenya.

Ripoti tulimpelekea wakili. Uingereza, kabla ya mnunuzi na muuzaji kubadilishana mikataba iliyosainiwa, hakuna aliyefungwa, kwa hiyo nafasi ya kupatana ilikuwepo. Mwenye nyumba akapunguza pauni 1,500, zikatosha gata, kuchimbua zege na kuzibua matundu. Ukuta wa sebule haukuguswa, na umepita msimu wa baridi bila doa.

Malalamiko yangu: ripoti ya mkaguzi huyu imejaa "hatukuweza kuona". Chini ya sakafu hakukaguliwa kabisa kwa sababu mwenye nyumba alikataa zulia kunyanyuliwa, na ada haikupungua. Ombeni ruhusa ya zulia na ya kutoboa kupitia kwa dalali kabla ya kulipa, tena kwa maandishi. Na kama nyumba ni ya juzijuzi, ina kuta mbili zenye uwazi, na ripoti ya kwanza haijataja unyevu, mimi nisingetoa hiyo pesa.