Masomo ya Paul Sellers mtandaoni: useremala wa mkono kwa anayeanza
Video za YouTube za Sellers, seremala Mwingereza, ni za bure, na kwa anayeanza zinatosha. Vifaa ni vichache: msumeno, randa, patasi, skwea (ya kupimia pembe mraba), kisu. Somo bora kuliko yote ni la kuchora alama kwa kisu badala ya penseli, kisha kumega kijibanzi kwa patasi upande wa kipande kinachotupwa. Hapo msumeno unapata ukuta wa kuegemea, haupotei mstari. Kunoa nako kaeleza vizuri: pembe ya nyuzi 30 hivi, bamba za almasi namba 250, 600 na 1200 (namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi), mwisho kipande cha ngozi cha kung'arishia makali. Kasoro? Mbao zake zimekauka vizuri, zetu aghalabu bado. Paini mbichi ikisinyaa, ulimi (ncha ya ubao inayoingia tundu la ubao mwingine) unalegea tunduni. Iache ikauke kwanza. Na ukitumia mninga, usisahau kuinoa patasi.