Mfumo wa Hendikapu wa Dunia: Tathmini ya Huduma Inayompa Mchezaji wa Ridhaa Ushindani Bila Kumnyima Raha

Mchezaji wa gofu wa ridhaa hulipia mambo mengi kabla hajapiga mkwaju wa kwanza: fimbo, mipira, viatu, ada ya uwanja na pengine mwalimu. Katika vyote hivyo, kinachochunguzwa kwa nadra ni hendikapu, yaani ile namba inayoonyesha mikwaju ya ziada anayostahili mchezaji ili apambane kwa haki na walio bora kuliko yeye, ambayo klabu au chama cha gofu humpa mwanachama na kumtunzia rekodi zake. Ninaitathmini hapa kama huduma, kwa kuwa ndiyo inayoamua, kuliko fimbo yoyote mpya, kama mchezaji ataondoka uwanjani akiwa ameridhika au akiwa amenuna. Maoni yangu ni kwamba Mfumo wa Hendikapu wa Dunia, ulioanza kutumika Januari 2020 chini ya R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia sheria za gofu duniani, ni huduma bora kwa mtu anayeitumia kupata mechi ya haki, lakini huanza kumtesa pale anapoigeuza kuwa cheo cha kulindwa.

Kabla ya mwaka huo kulikuwa na mifumo sita mikubwa duniani, kila mmoja ukiwa na hesabu zake, kiasi kwamba wachezaji wawili wenye uwezo uleule waliotoka mabara tofauti wangeweza kukutana wakiwa na namba zisizolingana. Sasa hesabu ni moja. Kikomo cha juu ni 54.0 kwa wanaume na wanawake sawasawa, na mchezaji mpya hupata namba yake ya kwanza akishawasilisha kadi za matokeo ya mashimo 54, ambayo ni sawa na raundi tatu kamili, ingawa anaruhusiwa kuzikusanya kwa raundi za mashimo 9. Kikomo hicho kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Mtu anayehitaji mikwaju mitatu ya ziada katika kila shimo anatambulika rasmi kuwa mshindani, na anaweza kumkabili mkongwe wa klabu akiwa na matumaini halisi ya kumshinda. Michezo ambayo anayeanza anaweza kupambana kwa dhati na bingwa wa eneo lake, katika uwanja uleule na siku ileile, ni michache sana.

Ubora wa huduma hii unaonekana zaidi mchezaji anapohama uwanja. Kila seti ya tii, yaani sehemu za kupigia mkwaju wa kwanza wa kila shimo, hupewa vipimo viwili: kadirio la mikwaju ambayo mchezaji hodari mwenye hendikapu ya sifuri angetumia, na kipimo cha ugumu kiitwacho slopu, ambacho huanzia 55 hadi 155, huku 113 ikihesabiwa kuwa kiwango cha kawaida. Namba ya mchezaji huzidishwa kwa slopu, ikagawanywa kwa 113, kisha ikarekebishwa kwa tofauti iliyopo kati ya kadirio la uwanja na idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja huo. Mwenye namba ya 18.0, kwa mfano, akicheza kwenye tii zenye slopu ya 125, na kadirio likiwa sawa na mikwaju iliyopangwa, atapewa mikwaju 20, lakini kwenye tii zenye slopu ya 100 atapewa 16 tu. Hesabu hii inamwondolea mtu kisingizio cha kung'ang'ania tii za nyuma kwa ajili ya sifa. Akisogea mbele, mikwaju yake inapungua kwa kiasi cha haki, mpira unafika kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, kwa idadi ya mapigo ambayo mbunifu wa uwanja aliikusudia, na ushindani unabaki palepale. Ningependa kila klabu iwaeleze wanachama wake jambo hili kwa uwazi, maana nimeona wengi wakijichosha bure kwa kucheza uwanja mrefu kuliko nguvu zao.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachoweka kikomo cha mikwaju katika shimo moja kwa madhumuni ya hendikapu. Kikomo hicho ni mikwaju iliyopangiwa shimo, ukiongeza miwili, ukiongeza tena ile ambayo mchezaji amepewa katika shimo hilo. Chukua shimo la mikwaju minne ambalo mchezaji amepewa mmoja. Pigo lake la pili linatua katika bunka, yaani mtego wa mchanga, lenye ukingo mrefu karibu na grini. Anapiga, mpira unagonga ukingo na kurudi miguuni pake. Anapiga tena, unarudi. La tatu linaruka grini nzima na kuzama katika majani marefu ya upande wa pili, na hatimaye anamaliza shimo kwa mikwaju kumi na mmoja. Kwenye rekodi yake ya hendikapu shimo hilo litaingia kama saba. Ajali imehesabiwa kuwa ajali, na mashimo yanayofuata bado yana maana. Mtu anayelijua hili kwa hakika hutembea kuelekea tii inayofuata akiwa na nafsi tulivu, na utulivu huo mara nyingi ndio unaookoa raundi nzima.

Kikomo hicho kinakwenda sambamba na mtindo wa Stableford, ambao Dakta Frank Stableford aliubuni akitaka kuwaokoa wachezaji waliokuwa wakikata tamaa mapema, na ambao ulitumika katika mashindano ya klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Katika mtindo huu, mchezaji anayemaliza shimo kwa idadi iliyopangwa baada ya kuondoa mikwaju aliyopewa hupata pointi mbili. Akizidisha mkwaju mmoja hupata moja. Akipunguza mmoja hupata tatu. Na akizidisha miwili au zaidi hapati kitu, hivyo anaweza kuokota mpira wake na kuwapisha wenzake. Kwa mashimo 18, pointi 36 maana yake ni kwamba amecheza sawasawa na hendikapu yake. Kwa kundi la marafiki wenye viwango tofauti, sijaona mtindo unaounganisha raha na ushindani vizuri kuliko huu, na ninaupendekeza kuwa mtindo wa kawaida wa kila klabu, huku ule wa kuhesabu mikwaju yote ukiachiwa mashindano makubwa yanayostahili uzito wake.

Sasa nije kwenye upungufu, ambao kwa maoni yangu hauko katika hesabu zenyewe. Uko katika namna mchezaji anavyoelezwa namba yake, au tuseme anavyoachwa bila kuelezwa. Hendikapu hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni. Haihusu wastani wa raundi zote. Inahusu zile siku ambazo mambo yalikunyookea. Kwa kuwa matokeo 12 mengine hayakuingia kwenye hesabu, na kati ya yale 8 karibu nusu ni mabaya kuliko wastani wao wenyewe, mchezaji wa kawaida hutarajiwa kuifikia au kuipita namba yake takriban mara moja katika raundi nne au tano. Raundi zilizobaki zitakuwa mbaya kuliko namba hiyo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hata hivyo, katika kila klabu utawakuta watu wanaoichukulia namba yao kama deni la kila wiki. Wana hendikapu ya 15, wamepata pointi 32, na wanaketi baada ya mchezo wameshika tama kana kwamba wameshuka kiwango, ilhali wamecheza raundi ya kawaida kabisa kwa mtu wa uwezo wao. Wanabadilisha mshiko wa fimbo, wananunua vifaa vipya, wanamlaumu kedi anayewabebea fimbo, na wiki inayofuata wanaingia uwanjani na hofu badala ya hamu. Huzuni hiyo imetokana na kutoelewa hesabu tu, na ingeweza kuepukwa siku ya kwanza kabisa kama klabu ingetumia dakika tano kumweleza mwanachama maana ya namba aliyokabidhiwa.

Programu za simu zinazoonyesha hendikapu zimeongeza tatizo hili. Rekodi huhuishwa siku inayofuata baada ya raundi, namba ikipanda au kushuka kwa sehemu za desimali, na mchezaji anaifungua akiwa bado hajapumzika. Kwa wengine kila matembezi uwanjani yamegeuka kuwa mtihani. Bobby Jones, aliyeshinda mashindano yote manne makubwa ya enzi yake mwaka 1930 akiwa mchezaji wa ridhaa, aliacha kushindana mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 28, na uchovu wa akili uliotokana na mashindano ulichangia uamuzi wake. Ikiwa mtu wa kipaji kile alihitaji kupumzika, sisi wengine tusione aibu kutenga raundi ambazo hazina kadi. Kuna nchi ambazo mchezaji hutangaza kabla ya kuanza kwamba raundi yake itaingia kwenye rekodi, na kuna nyingine ambazo hutarajiwa kuwasilisha karibu kila raundi inayokidhi masharti. Mimi naunga mkono utaratibu wa kwanza, kwa kuwa unampa mtu uhuru wa kuamua leo anashindana au anafurahia upepo na mazungumzo, ingawa nakiri kwamba rekodi nyingi huifanya namba kuwa ya kuaminika zaidi.

Kuhusu udanganyifu, mfumo umejitahidi. Yule anayevimbisha namba yake kwa makusudi ili ashinde zawadi hukutana na vizuizi viwili: namba ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya kiwango chake cha chini zaidi cha siku 365 zilizopita, ongezeko linalozidi hapo hukatwa nusu, na haiwezi kabisa kupanda zaidi ya 5.0 juu ya kiwango hicho. Aidha, mtu akileta matokeo yaliyo bora kuliko namba yake kwa 7.0 au zaidi, namba hukatwa kwa 1.0, na yakifika 10.0 hukatwa kwa 2.0. Vizuizi hivi vinasaidia, lakini havimfikii mdanganyifu wa aina ya pili, yule anayependa namba ndogo ya kujivunia, ambaye huwasilisha kadi nzuri na kuzificha mbaya. Huyo hujiumiza mwenyewe, kwani atapoteza karibu kila mechi, na vilevile humchosha mwenzi wake katika michezo ya wawili wawili. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwenye gofu kukubali huko huanza na kuwasilisha kadi mbaya kwa uaminifu uleule wa kadi nzuri.

Huduma hii hufikia kilele cha thamani yake katika mchezo wa shimo kwa shimo, ambapo anayeshinda mashimo mengi ndiye mshindi na mwenye uwezo mdogo hupewa tofauti yote ya mikwaju baina yake na mpinzani. Hapo jumla ya siku haina nafasi. Shimo lililoharibika ni shimo moja tu. Sheria pia zinaruhusu kumsamehe mpinzani mkwaju unaofuata, na msamaha huo ukishatolewa hauwezi kukataliwa wala kuondolewa. Ninachopenda katika mtindo huu ni kwamba mtu anaweza kupigania kila shimo kwa nguvu zake zote, halafu kwenye grini akamwambia mwenzake "chukua" kwa mpira uliobaki karibu na ukingo wa shimo, pasipo yeyote kuona kwamba amelegeza ushindani.

Nani basi ajiandikishe? Mgeni wa mchezo asisubiri mpaka "awe mzuri kwanza". Namba ya 54.0 imewekwa kwa ajili yake. Anayecheza mara chache kwa mwaka na marafiki walewale anaweza kuishi bila rekodi rasmi, mradi wapeane mikwaju kwa makubaliano ya haki. Anayeshiriki mashindano ya klabu hana budi kuwa nayo. Na kwa wale wanaotengeneza programu za hendikapu nina ombi moja mahususi: pembeni ya namba ya mchezaji, waonyeshe pia kiwango cha matokeo anachotarajiwa kupata katika raundi ya kawaida, kwa pointi za Stableford au kwa mikwaju, kutokana na raundi zake zote 20. Takwimu hizo tayari wanazo.