FreeRTOS kwenye ESP32: bure, nyepesi, lakini soma mipangilio kwanza

FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa chipu zinazoongoza vifaa, ilianzishwa na Richard Barry mwaka 2003, ikachukuliwa na Amazon mwaka 2017, na leseni yake ya MIT haidai hata senti. Kwenye ESP32, chipu yenye Wi-Fi, huhitaji kuisakinisha, imo tayari ndani ya ESP-IDF, zana rasmi za kuiandikia programu. Chipu ina viini viwili vya hadi MHz 240 na RAM ya KB 520, nafasi tele kwa taski (kazi zinazopokezana zamu) kumi hivi.

Vipaumbele vya taski vinaanzia 0 hadi 24. Taski yenye namba kubwa ikiwa tayari, ya chini inasimamishwa papo hapo. Hilo linafanya kazi vizuri sana. Kinachoumiza ni saa ya kupangia zamu: ESP-IDF huja na mapigo 100 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 10. Ukiandika vTaskDelay(pdMS_TO_TICKS(5)), yaani subiri milisekunde 5, hesabu inatoa sifuri na taski haipumziki kabisa. Baada ya sekunde 5 hivi ujumbe wa task_wdt, mlinzi wa taski zilizokwama, unajaa kwenye skrini, kwa sababu taski ya IDLE, ile ya kipaumbele cha chini kabisa, imekosa zamu. Programu hiyohiyo kwenye Arduino inakwenda bila shida, maana huko mapigo ni 1000. Ingia menuconfig, menyu ya mipangilio ya ESP-IDF, weka CONFIG_FREERTOS_HZ 1000. Kwa usomaji wa sensa wa vipindi sawa, tumia vTaskDelayUntil ili ucheleweshaji usijilimbikize.

Staki, kumbukumbu ya kila taski, nayo huhesabiwa kwa baiti, tofauti na FreeRTOS ya kawaida inayohesabu kwa neno (baiti 4 kwenye STM32). Msimbo uliohamishwa kutoka STM32, chipu nyingine ya aina hii, ukiwa na staki ya 512 ulikuwa na baiti 2048. Hapa unabaki na 512, na printf moja inaiangusha bodi. Anza na 4096, kisha pima kwa uxTaskGetStackHighWaterMark kabla ya kupunguza.

Taski mbili zikigombea I2C moja, yaani nyaya zinazotumiwa na sensa kwa pamoja, chukua mutex, kufuli linaloshikwa na taski moja kwa wakati na kuirithisha kipaumbele cha taski inayolisubiri. Semafora ya binari, kufuli jingine rahisi, hairithishi kipaumbele, kwa hiyo taski ya kati inaweza kuichelewesha ya juu bila kikomo.

Udhaifu halisi wa ESP32 ni redio. Taski ya Wi-Fi huwa kiini 0 kwa kipaumbele cha juu, hivyo ifunge kazi yako nyeti kiini 1 kwa xTaskCreatePinnedToCore. Hata hivyo, wakati flashi (hifadhi ya programu) inaandikwa, msimbo uliomo humo husimama kwenye viini vyote viwili, na kikatizaji (interrupt) kisichowekwa IRAM, kumbukumbu ya ndani ya chipu, kinasubiri. Kwa taa, pampu na sensa za shamba, nunua ESP32. Kwa kuongoza mota isiyosamehe ucheleweshaji, STM32 isiyo na redio ni salama zaidi.