Baiskeli za Kukodi za Ngamiani na Lile Sharti la Nne

Mwezi uliopita nilikodi baiskeli kwa siku tatu mfululizo katika kibanda kimoja cha Ngamiani, mjini Tanga, na tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuuzunguka mji huu kama wenyeji wake wanavyouzunguka. Ardhi ya Tanga ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani, ile inayoitwa kwa namba tu, imenyooka kiasi kwamba mtu mwenye magurudumu mawili haoni sababu ya kuita bajaji kwa safari ya dakika kumi.

Baiskeli niliyopewa ilikuwa Phoenix nyeusi, namba 28, yenye keria ya nondo iliyochomelewa na fundi wa hapo hapo. Cheni ilikuwa imepakwa mafuta, kengele inalia, na breki zote mbili zinashika. Siti tu ndiyo iliyokuwa ngumu, jambo ambalo mwili wangu uliligundua asubuhi ya pili. Nililipa shilingi 5,000 kwa siku. Nilipopata pancha karibu na Hospitali ya Bombo nilipiga simu, na kijana wa kibanda akafika na pampu, viraka na solusheni kabla sijamaliza dafu. "Pole, ami," alisema, akaziba, akaondoka bila kunitoza hata senti. Kwa upande wa huduma, basi, sina la kulalamikia.

Ninalo la kusema kuhusu karatasi ya masharti. Sharti la nne linamtaka mteja apite "njia ya baiskeli, na pasipokuwa nayo, pembeni kabisa mwa barabara, wakati wote", na kwamba akipata ajali akiwa nje ya hapo, gharama zote za matengenezo ni juu yake. Mwenye kibanda, mzee mpole aliyeanza kazi hii kwa baiskeli mbili, alinieleza kwamba anaogopa malori. Hofu yake ni ya haki kabisa. Hata hivyo, mtu aliyeliandika sharti hilo alikuwa ameketi kivulini, na mimi nililitii juani.

Siku ya kwanza nilielekea Raskazone, na kufika huko hakukunipa tabu, kwa sababu magari ni machache na miti inafunika barabara. Tatizo lilianza niliporudi mjini mchana. Pembeni nilipoagizwa kupita palikuwa na bajaji zilizoegeshwa zikisubiri abiria, muuza mahindi na jiko lake, mchanga ulioteremshwa kwa ajili ya ujenzi, na mfereji ambao mfuniko wake mmoja haukuwapo. Kila baada ya hatua chache ilinibidi niingie barabarani kukwepa kitu, kisha nirudi pembeni, kisha niingie tena, na kila nilipoingia dereva wa nyuma alishtuka kwa kuwa hakuwa akiniona. Mwendesha baiskeli anayeshika mstari mmoja ulionyooka, hata ukiwa ndani kidogo ya barabara, anatabirika. Anayechomoza na kujificha ndiye anayegongwa.

Kuna hatari nyingine ambayo watetezi wa kuwalazimisha waendesha baiskeli kupita njia yao huisahau, nayo iko kwenye makutano. Sisi tunaendesha upande wa kushoto. Lori linalokata kona ya kushoto kuingia mtaani humpitia mwendesha baiskeli aliyebanwa ukingoni ambaye yeye anakwenda moja kwa moja, na dereva, akiwa ameketi juu upande wa kulia, huenda asimwone kabisa. Njia iliyotengwa humlinda mtu katikati ya mtaa, kisha humtelekeza mahali anapoihitaji zaidi, isipokuwa makutano yenyewe yawe yamejengwa kwa kumfikiria.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya nimwelewe mzee. Nilikwenda Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo nane kutoka mjini, kwa barabara inayoendelea hadi Horohoro, mpakani na Kenya. Pale upepo wa lori peke yake unatosha kukuyumbisha, na kama pangekuwapo njia pana ya baiskeli iliyotenganishwa na magari, hakuna ambaye angehitaji karatasi ya kumlazimisha kuipita. Ningeipita mbio, na kuishukuru.

Nchi zenye baiskeli nyingi kuliko sisi zimelikata jambo hili kwa namna tofauti. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaziruhusu nchi kuwakataza waendesha baiskeli kutumia sehemu nyingine ya barabara palipo na njia yao, unaruhusu, hauamrishi. Uholanzi ina alama mbili: ya duara, ambayo ni lazima kuitii, na ya mstatili, inayomwachia mtu hiari. Ujerumani ililegeza sheria yake mwaka 1998, ikabakiza ulazima pale tu penye alama ya duara la bluu. Uingereza hailazimishi. Nikipima yote hayo, msimamo wangu ni kwamba ulazima unaweza kuwa halali pale njia inapokuwa pana ya kutosha kwa muuza samaki anayetoka soko la Deep Sea na tenga lake kwenye keria, haina vizuizi, na haikatiki ghafla. Vinginevyo tunamwadhibu mwendesha baiskeli kwa kosa la aliyeegesha bajaji.

Nilipoirudisha baiskeli nilimshauri mzee aandike "inapopitika" mbele ya sharti lake. Aliivua miwani, akaisoma karatasi yake upya kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, akasema, "Mwalimu, nitalitazama." Hadi natoka hakuwa ameshika kalamu.

Kibanda hufunguliwa saa moja asubuhi, na baiskeli nzuri huisha kabla ya saa tatu. Ombeni ile nyeusi yenye keria ya nondo. Ya bluu iacheni, breki yake ya nyuma ni ya mapambo.