Mafunzo ya alaina yanayolipiwa na kampuni: uzoefu wangu Westlands

Kama wewe ni daktari wa meno hapa Nairobi na umealikwa kwenye mafunzo ya alaina, zile plastiki angavu za kunyoosha meno, yakiwa yamelipiwa na kampuni inayoziuza, soma hapa kabla hujathibitisha kwamba utafika. Hoteli ni nzuri, chakula kinashibisha, hutoi shilingi, na unaondoka na pointi ambazo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno humtaka kila mmoja wetu awe nazo ndipo lihuishe leseni. Hayo sina ugomvi nayo. Mimi nilitoka na hasira, na mpaka leo haijanitoka.

Mkufunzi aliletwa kutoka nje na kazi anaijua, sitamnyima sifa yake. Alieleza vizuri kabisa kwa nini plastiki peke yake haitoshi. Kila alaina husogeza jino kama robo milimita tu, na jino kama chonge, ambalo ni la mviringo, haligeuki hadi ubandike kitufe cha kompositi, ile resini ya kuzibia meno, juu yake ili plastiki ipate pa kushika. Kitufe kikikosekana, plastiki inateleza na jino linabaki palepale. Nilikuwa nimekaa mbele, naandika kila neno.

Nikainua mkono. Nikauliza: mgonjwa mwenye meno yaliyoharibiwa na floridi, vitufe hivyo unambandikia vipi vikae?

Sikuwa natafuta kumkwaza mtu. Kila anayefanya kazi hii hapa kwetu anawajua wagonjwa hao. Wamekulia Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, wakinywa maji ya visima ambayo sehemu nyingi yana floridi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yao yaliundwa ndani ya taya wakati wakinywa maji hayo, yakaota na madoa meupe au ya kahawia, mengine yamechimbika. Sasa ni watu wazima, wanafanya kazi mjini, wana pesa zao na wanataka meno yanyooke. Shida ni kwamba enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ikiathirika sana ina tabaka la juu lililo sugu kwa asidi. Ile asidi ya fosforiki ya asilimia 37 ya kukwaruza jino ili kitufe kishike, unayoiacha nusu dakika kwa mgonjwa wa kawaida, hailiumi vya kutosha, basi kitufe kinabanduka. Kikibanduka, alaina inayofuata haiingii sawasawa, na ile mipango yote mizuri ya kwenye kompyuta inakuwa picha tu. Mgonjwa atarudi kwangu mimi, hatakwenda kwa kampuni.

Mkufunzi akasema tutalizungumza wakati wa chai. Sawa. Wakati wa chai, kabla sijamfikia, akanikatiza kijana wa mauzo, Mkenya mwenzangu.

“Dada, lile swali lilituvurugia ratiba.”

“Naomba uniite daktari. Na swali langu bado halijajibiwa.”

“Sawa, daktari. Lakini wale wa meno ya kahawia si soko letu. Wewe tuletee wa Runda na Lavington.”

Si soko letu! Alilisema bila hata kupunguza sauti, kikombe mkononi. Mimi nina mdogo wangu aliyezaliwa Njoro, msichana hodari ajabu, na tangu shule ya msingi hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja. Na huko Runda anadhani watu wote walizaliwa huko? Wangapi wenye majumba yale walikulia Bonde la Ufa wakichota maji kwenye kisima?

Niliporudi kwenye kiti nilijaribu kuwa mwadilifu. Pesa ni zao, bidhaa ni yao, wana haki ya kuchagua wa kumuuzia. Hoja hiyo ingenitosha kama wangeyaita mauzo. Lakini wameyaita elimu, yakahesabiwa kuwa elimu, tukapewa pointi za elimu, na swali la kwanza la kitabibu kutoka kwa mtu anayetibu wagonjwa wa nchi hii likaonekana ni usumbufu.

Baada ya chakula cha mchana nusura niondoke, na ningekosa kitu cha thamani kuliko vyote. Walikuwa wamemwalika mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, atuonyeshe kukunja waya. Alishika koleo na kipande cha waya wa chuma, akakunja kitanzi cha kufungia pengo huku akizungumza nasi, mkono hautetemeki. Kisha akaja mezani kwangu.

“Binti yangu, ni wewe uliyeuliza habari za floridi?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Akavuta kiti. Akanieleza: anza kwa kulisugua lile tabaka la juu taratibu, jino baada ya jino. Ongeza muda wa asidi, na usitibu meno yote kwa kipimo kimoja, kwa sababu lenye madoa mepesi hushika karibu sawa na jino zima. Magego yaliyochimbika yavishe bendi, ile pete ya chuma, usihangaike kubandika. Na mgonjwa aambiwe mapema kwamba vitu vitabanduka, asije akafikiri umemharibia. Maneno hayo machache ndiyo ninayoyatumia kliniki sasa hivi, na yanafanya kazi.

Kule jukwaani hakuwa amepewa hata saa nzima. Mratibu alimnyooshea saa ya mkononi akiwa katikati ya sentensi, kwa sababu kulikuwa na slaidi za bei na punguzo kwa watakaoagiza mapema. Mzee akakusanya koleo zake akashuka jukwaani. Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi ile ya asubuhi.

Mlangoni tukakuta fomu ya kuahidi idadi ya wagonjwa utakaowaanzishia alaina zao. Sikutia sahihi, na cheti changu kilichelewa kuliko vya wenzangu. Anayeona haya ni madogo akumbuke Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fedha za kampuni ya kliniki, Orthodontic Centers of America, ziliingia katika mafunzo ya ubingwa wa kunyoosha meno kwenye vyuo vikuu kama Jacksonville, na wanafunzi waliofadhiliwa walijifunga kuifanyia kazi miaka 7 baada ya kuhitimu. Mwaka 2006 kampuni hiyo ikaomba kinga ya ufilisi mahakamani. Fomu huanza hivihivi, ikiwa na ukurasa mmoja.

Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuandika: msiende. Lakini daktari kijana aliyeko Kitengela au Thika, asiye na mwalimu wa karibu, namwambiaje asiende kumwona mzee yule akikunja waya? Nenda. Uliza lile swali la floridi kwa sauti, na uliulize tena wakikwambia subiri chai. Fomu usiiguse.

Mimi nimealikwa kwenye awamu ya pili na nimekataa. Nimewaandikia kwamba wakimpa mwalimu yule siku nzima, bila slaidi za bei, nitakuja na nitalipa kwa pesa zangu.