Nimefuta tisa, nimebaki na tatu: uzoefu wangu na programu za vikaragosi kwenye simu

"Mama, huyu si yeye."

Hayo ni maneno ya binti yangu wa miaka minne na nusu, siku ya kwanza nilipompa simu acheze mchezo wa kikaragosi anayempenda kuliko wote. Sura ilikuwa ile ile, rangi ile ile, na hata kicheko walikuwa wamekipatia. Alisogeza kioo cha simu karibu na pua yake, akatazama kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, kisha akanirudishia simu. "Huyu anafunga macho."

Nikaangalia. Kweli, kila baada ya sekunde mbili tatu yule kikaragosi alikuwa anapepesa macho, kama wanavyofanya wahusika wa michezo karibu yote ya simu. Wale tuliowazoea kwenye televisheni, wanasesere wa kitambaa wanaochezeshwa kwa mkono, wengi wao hawapepesi. Kermit, chura aliyetengenezwa na Mmarekani Jim Henson, mchezeshaji wa vikaragosi, mwaka 1955 kwa kitambaa cha koti kuukuu la mama yake, aliwekewa macho ya mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa katikati. Hana kope. Elmo na Grover, wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, nao hawana. Furaha yao, aibu yao, huzuni yao, vyote vinatoka kwenye mkono wa mtu aliyejificha chini. Kichwa kikiinama kidogo, amehuzunika. Vidole vikikunjwa ndani ya uso, Kermit ameudhika, na wewe unayetazama unaudhika naye.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye nilipoanza kusoma kuhusu vikaragosi hawa. Don Sahlin, fundi aliyetengeneza wengi wao katika miaka ya mwanzo, alikuwa makini mno na mahali pa kupachika mboni. Aliziweka zikielekea puani kidogo, ili kikaragosi aonekane anamtazama mtu fulani hasa. Nao wachezeshaji hufanya kazi wakiangalia runinga ndogo inayowaonyesha kile kile kitakachoonwa na mtazamaji, kwa hiyo wanajua macho yanaelekea wapi kila wakati. Mtoto aliyezoea kutazamwa namna hiyo, ukimletea macho yanayozunguka tu bila kumwona, anatambua papo hapo. Mimi sikutambua. Yeye alitambua.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja tu: mkono bado umo? Nimepakua programu kumi na mbili kwa miezi minane. Tisa nimezifuta, tatu zimebaki, na hizo tatu nitazieleza kwa kirefu kwa sababu nazipenda kweli.

Ya kwanza inaitwa Breathe, Think, Do with Sesame, ya shirika la Sesame Workshop, wale wale wa kipindi cha Sesame Street kilichoanza kurushwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969. Ni ya bure. Humo ndani kuna zimwi dogo lenye manyoya ambalo linakutana na mambo yanayomshinda mtoto kila siku: kuvaa viatu, kuagana na mzazi, kusubiri zamu kwenye mtelezo, kulala gizani. Zimwi linakasirika. Hapo mtoto anatakiwa aliguse tumbo, polepole, livute pumzi na kuitoa. Halafu yanakuja mapovu ya mawazo. Mtoto anayapasua kwa kidole, anachagua mpango mmoja, na zimwi linajaribu.

Huyu zimwi ni wa kuchorwa, si kikaragosi halisi aliyepigwa picha, na kwa kipimo changu alipaswa kufutwa na wenzake. Sikumfuta kwa sababu ya mwendo wake. Michezo mingi ya watoto inakimbia, kila ukigusa kitu kinalipuka, nyota zinamwagika, kengele zinalia. Huyu hukimbii naye. Ukimgusa tumbo, kifua kinajaa, kinakaa, kinashuka, na mpaka kishuke hakuna jingine la kufanya ila kumngoja. Siku ya kwanza binti yangu aligonga gonga kioo kama anapiga ngoma. Siku ya nne nilimkuta ameegemeza kidole pale tumboni, na yeye mwenyewe mabega yanapanda na kushuka pamoja na zimwi, bila kujua. Aliyebuni mwendo ule anamjua mtoto.

Ya pili ni ya Grover, The Monster at the End of This Book, iliyotengenezwa mwaka 2010 kutokana na kitabu cha mwaka 1971 alichoandika Jon Stone na kuchorwa na Michael Smollin. Grover amesikia kwamba mwishoni mwa kitabu kuna zimwi, naye anaogopa kupita kiasi, kwa hiyo anakusihi usifungue ukurasa. Anafunga kurasa kwa kamba, anajenga ukuta wa matofali. Kwenye simu ni kidole cha mtoto kinachofungua yale mafundo na kuangusha yale matofali, na Grover anapiga kelele za kuomba huruma. Mwisho wake sitausema, ingawa wengi mnaujua. Binti yangu anaujua kwa moyo na bado kila tunapokaribia ukurasa wa mwisho anajibana kwangu.

Ninachokithamini zaidi hapa ni kwamba mchezo unaisha. Kitabu kikiisha kimeisha, mtoto anashusha pumzi, anarudisha simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limesema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini akiwa amekaa tu, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo ni rahisi kuufuata ukiwa na mchezo wenye mwisho. Kwenye michezo isiyo na mwisho, kila siku ni ugomvi wa kumnyang'anya mtoto simu mkononi.

Lugha ni Kiingereza, na hilo nililitatua kwa njia ambayo sasa siwezi kuiacha hata wakiniletea ya Kiswahili. Nazima sauti, Grover nakuwa mimi. Nalia, nasihi, nakohoa, "Nakuomba, mwanangu, usifungue, nimekushika miguu!" Bibi yake alipita siku moja akasimama kusikiliza, akasema mimi na huyo mdudu wa buluu tumefanana kwa woga. Sasa usiku mwingine bibi ndiye Grover, na nakiri anamwigiza vizuri kuliko mimi.

Ya tatu ni Elmo Calls. Simu inaita, unapokea, Elmo yuko kwenye video. Hapa ni kikaragosi mwenyewe, manyoya yenyewe, mkono umo. Si mchezo hasa, ni maongezi mafupi: Elmo anaimba, Elmo anazungumza habari za kulala. Sina mengi ya kusema juu yake, maana video zikirudiwa mtoto anazikariri. Lakini ndiyo iliyotupa ugunduzi mmoja ambao binti yangu anauringia mpaka leo. Yeye anatumia mkono wa kushoto. Siku moja akasema, "Mama, Elmo anashika kama mimi." Nikafuatilia nikakuta ni kweli kwa vikaragosi wengi wa aina hii, na sababu yake ni ya kikazi kabisa: mchezeshaji anaingiza mkono wa kulia kichwani, kwa hiyo unaobaki huru kuendesha mkono wa kikaragosi ni wa kushoto. Nilimweleza hivyo. Alikaa kimya, kisha akataka tupige hesabu ya vikaragosi wote anaowajua wanaoshika kama yeye.

Sasa zile nilizofuta. Nyingi hazina la kuandikwa: zilikuwa zimebandika sura ya kikaragosi kwenye mchezo wa kupanga peremende, ukimwondoa yeye na kuweka kopo la rangi hakuna kinachobadilika. Mbili nina hasira nazo.

Moja ilikuwa ya bure kupakua. Ndani yake kikaragosi ana chumba, na mtoto anamnunulia vitu kwa sarafu. Sarafu zikiisha, kikaragosi anakaa chini, anainamisha kichwa, analia. Chini yake kitufe kinang'aa: ongeza sarafu. Binti yangu alibonyeza kwa sababu mwenzake analia. Angefanya nini kingine? Nilikuwa nimeingiza neno la siri muda mfupi kabla, nikipakua kitu kingine, na simu haikuliuliza tena. Ujumbe wa benki ulipoingia mara ya tatu ndipo nilipofahamu.

Kinachoniuma mpaka sasa ni kile kilio kuliko hata hela. Watu walitumia miaka na miaka kuufanya mkono uliovikwa kitambaa uaminiwe na mtoto, halafu mtu anachukua imani hiyo hiyo na kuifanya ndoano ya kuvulia fedha. Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 2014 FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ilifikia makubaliano na Apple ya kuwarudishia wateja dola zisizopungua milioni 32.5, na mwaka huo huo na Google, zisizopungua milioni 19, kwa manunuzi ambayo watoto waliyafanya ndani ya programu bila idhini ya wazazi. Miaka yote hii imepita na bado kuna anayebuni kikaragosi alie ili mtoto wa miaka minne abonyeze. Kwa hiyo kabla hujampa mtoto simu, nenda kwenye mipangilio ya duka la programu, weka neno la siri lidaiwe kwa kila ununuzi, na kama mchezo unakubali kucheza bila intaneti, zima data kabisa. Mimi nilifanya hivyo baada ya kuumia.

Jioni ile nilikuwa nimekaa kitandani nikiandika malalamiko, vidole vinatetemeka. Binti yangu alisimama mbele yangu muda kidogo. Halafu akaweka kiganja chake tumboni kwangu, akakiacha hapo, akanitazama usoni akingoja. Nikavuta pumzi. Hakuondoa mkono mpaka nilipoitoa. Akavuta nyingine, nami nikavuta. Malalamiko niliyaandika kesho yake, kwa maneno mazuri zaidi.

Ya pili nilisikitika kuiacha, kwa maana ilikuwa nzuri. Ilikuwa na jukwaa, mtoto anapanga vikaragosi mmoja mmoja, kila mmoja na ala yake, wimbo unajengeka. Binti yangu alikuwa amelikusanya kundi lake kwa wiki saba. Siku moja tukafungua tukakuta tangazo fupi kwamba huduma imesitishwa, asanteni kwa kucheza. Kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa kwao, si kwenye simu yetu, kwa hiyo hakukuwa na cha kuokoa. Aliuliza wamekwenda wapi. Sikupata jibu la kumpa. Tangu hapo naangalia kitu kimoja kabla ya kupakua: nikizima intaneti, mchezo unafunguka? Usipofunguka, siupakui, hata uwe umesifiwa namna gani.

Kwa upande wa simu yenyewe sina mengi. Yangu ni ya kawaida, ina miaka minne, zote tatu zinakwenda bila kukwama. Tatizo dogo ni kwamba programu za zamani hupotea kwenye maduka ya programu au hukataa kufunguka kwenye simu mpya, kwa hiyo ukiwa nazo na zinafanya kazi, fikiri mara mbili kabla ya kuzifuta ili kupata nafasi.

Baada ya lile kundi la wanamuziki kupotea tulitengeneza wetu. Soksi ya kijivu, vifungo viwili vya shati kwa macho. Vifungo nilivishona mara mbili, maana mara ya kwanza soksi ilikuwa inaangalia pembeni. Binti yangu ndiye aliyekataa, akasema haimwoni. Nikavisogeza puani kidogo, kama Sahlin, na ghafla ile soksi ikawa inatutazama.

Sasa hataki kucheza peke yake. Kila akifungua programu ya zimwi, lazima soksi ndiyo imguse tumbo. Usiku wa kwanza walijaribu mpaka wakachoka, soksi inasukuma kioo, zimwi limenuna vile vile na kiatu chake mkononi, maana kioo cha simu hakisikii kitambaa. Nilichukua mkasi nikatoboa tundu dogo pale mdomoni. Akapenyeza ncha ya kidole cha shahada, cha mkono wa kushoto, akaigusisha tumboni, zimwi likavuta pumzi.