Betri ya gari kwa joto la Mtwara: ipi ianze, ipi ukimbie

Msimu wa korosho uliopita Noah yangu iligoma kuwaka Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, saa kumi na moja alfajiri. Nageuza ufunguo, starta inalia "tik" basi. Betri ilikuwa na miezi mitano tu. Fundi rewaya akafungua boneti, akapitisha kidole mahali pa tarehe, pamekwanguliwa. "Kaka, hii ilizeekea dukani."

Kwa gari la kutembelea naanza na betri kavu mpya (iliyozibwa, huongezi maji), ya Kikorea kama Rocket au Solite, au GS ya Kijapani. Ukikuta GS imeandikwa Indonesia usikimbie, Wajapani hao wana viwanda huko. Kavu haitaki uangalizi, na wengi wetu boneti tunaifungua gari likishakwama.

Ya pili ni betri ya maji. Ila kwa daladala, Fuso au gari linalopanda Newala kila siku, mimi naitanguliza. Joto letu hukausha maji ya ndani. Kwenye kavu huoni kitu mpaka ife, kwenye hii unafungua vifuniko na kuongeza. Yawe maji ya betri ya dukani, si ya kisima yenye chumvi.

Ya mwisho kabisa ni ya mtumba "iliyofufuliwa". Imechajiwa usiku, asubuhi inasoma volti 12.6 safi, jioni huna gari.

Majina yasikubabaishe. Viwanda vinagombania soko kwa stika zaidi ya kilichomo, maana ndani ni madini ya risasi na asidi, kama alivyoanza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Exide ya India na Exide iliyoanzia Marekani ni kampuni mbili tofauti. Varta ya magari ni ya Clarios, na kampuni hiyohiyo hutengeneza betri zenye majina mengine. Kwa hiyo mimi nasoma tarehe kwanza, jina baadaye. Ikizidi miezi sita rafuni, naiacha.

Kisha namba. Noah yangu inakula 55D23L: hiyo 23 ni urefu kwa sentimita, L ni upande wa vichwa vya kufungia waya. Ukichukua R, waya haufiki. Wenye IST waangalie pia unene wa vichwa, vyembamba na vinene vyote vipo, na muuzaji atakwambia "tutafungia kipande cha bati". Kataa.

Kabla ya kulipa, fundi apime altaneta, ile inayochaji betri, injini ikiwaka. Volti 13.8 mpaka 14.4 ni sawa. Ikipanda 15 inachemsha betri, hata ungenunua ya dhahabu.

Dai risiti na kadi ya waranti yenye tarehe. Betri ya zamani usiiache bure, risasi yake ina wateja. Mwenye duka hatakukumbusha, lakini ukiitaja anapunguza bei.